Kabla Hujatoa Damu ya Kipimo cha Ini

Kipimo kinachoandikwa LFT kwenye fomu si kipimo kimoja. Ni namba sita au saba zinazotoka kwenye damu ileile, na ukishajua kila moja inasoma nini, maandalizi yote yanajieleza.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ikiumia, vinavuja na kuingia kwenye damu. ALT kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ini. AST iko pia kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu, kwa hiyo usiiamini ikiwa peke yake. ALP na GGT hupanda zaidi njia ya nyongo inapoziba au kukereketwa. Ila ALP hutoka pia kwenye mifupa na kwenye kondo la nyuma, ndiyo maana kijana anayerefuka na mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho huwa nayo juu bila ugonjwa wowote. Bilirubini ndiyo ile rangi ya manjano inayoonekana machoni mwa mgonjwa. Kazi ya ini lenyewe husomwa zaidi kwenye albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, na kwenye INR, yaani muda wa damu kuganda, ambayo mara nyingi huombwa kivyake. Mtu anaweza kuwa na ALT ya 300, iliyo juu sana, na ini lake bado linapiga kazi; mwingine ana ALT ya 35, ya kawaida kabisa, na ini limeshakakamaa, seli za kuvuja zimebaki chache.

Chakula: acha kula saa 8 hadi 12 kabla. Kwa vimeng'enya vyenyewe njaa si lazima kivile. Maabara husisitiza kwa sababu kipimo hiki kwa kawaida huja pamoja na cha mafuta na cha sukari. Lakini mlo wenye mafuta mengi unaweza kupandisha ALP, hasa kwa wenye damu kundi O na B, na hufanya damu iwe na utandu mweupe unaoisumbua mashine. Kwa hiyo chipsi mayai za saa tano usiku hapana. Kula saa mbili, lala, amka uende.

Maji kunywa. Watu hufunga hadi maji, kisha mshipa unasinyaa na wanachomwa mara tatu. Joto la Dar es Salaam linatosha kukukausha hata bila msaada wako. Dawa ya presha meza kama kawaida. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifunge kabla hajamuuliza daktari wake, na abebe kitu cha kula mara baada ya kutoa damu.

Kufunga kupita kiasi nako kuna madhara yake. Wapo watu wanaozaliwa na ini linalosafisha bilirubini polepole, hali isiyo na hatari, na njaa ndefu huwapandishia bilirubini hadi macho yaonekane ya manjano kidogo. Ukipimwa alasiri ya Ramadhani, sema kwamba umefunga tangu daku.

Pombe: siku tatu bila, angalau. Ila usidhani siku tatu zinafuta miezi. GGT huchukua wiki kadhaa kushuka, na AST ikiwa mara mbili ya ALT au zaidi, daktari atakuuliza kuhusu bia na konyagi hata kama hukusema neno. Sema tu.

Dawa: weka kila unachomeza kwenye mfuko mmoja na uende nao. Namaanisha pakiti zenyewe, maana "vile vidonge vyeupe" havimsaidii mtu. Angalia hasa paracetamol. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, sawa na vidonge 8 vya miligramu 500, na kuna watu wazima wenye afya ambao ALT yao hupanda wakimeza kiasi hicho siku kadhaa mfululizo. Tatizo la mtaani ni kuimeza mara mbili bila kujua: Panadol kwa kichwa, dawa mseto ya mafua, na kidonge cha mgongo ambacho ni diklofenaki iliyochanganywa na paracetamol. Soma maandishi madogo.

Dawa za kifua kikuu (isoniazid, rifampicin, pyrazinamide) zinaweza kuumiza ini, na baadhi ya ARV pia. Hizo usiache mwenyewe ili majibu yapendeze. Kipimo mara nyingi kimeombwa kwa sababu ya dawa hizohizo, na anayeamua kuzisimamisha ni daktari, kwa kuangalia ALT imepita kikomo mara ngapi na kama una dalili.

Linaloponza watu wengi, na ambalo fomu haina hata nafasi ya kuliuliza, ni misuli. Chukua kijana wa Tabata ambaye hajagusa gym tangu mwaka jana. Jumamosi anarudi na kubeba vyuma kwa saa mbili. Jumapili kuvua fulana ni shughuli. Jumatatu ofisini kwao wanapimwa afya. Majibu: AST 210, ALT 95, na GGT, ALP na bilirubini zote ziko kawaida. Kwa anayejua kusoma, karatasi hiyo inazungumza: AST imeizidi ALT, njia ya nyongo haina tatizo, na mwenyewe anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Kipimo cha CK, ambacho ni cha misuli, kingemaliza ubishi siku hiyohiyo. Hakuna aliyemuuliza alifanya nini mwisho wa wiki. Yeye anaona herufi H mbili, yaani "juu", pembeni ya namba, mtu wa meza ya jirani anamwambia ini limechoka, na jioni ananunua kopo la unga wa kusafisha ini lisilo na orodha ya vilivyomo. Vijiko viwili asubuhi, viwili usiku.

Angekaa tu, angepona. AST iliyokwisha kuingia kwenye damu hupungua nusu kwa saa 17 hivi, ALT kwa saa 47 hivi, na misuli iliyochanika huacha kuvuja ndani ya wiki moja au mbili. Badala yake, wiki ya tano mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho ya manjano, ALT imepita 900 na bilirubini imepanda. Sasa ini linaumwa kweli. Daktari anauliza kuna nini ndani ya lile kopo, na hakuna anayejua.

Basi siku saba kabla ya kipimo usibebe vyuma wala kukimbia mbio ndefu. Kuhama nyumba na kupakua saruji ni mazoezi pia. Kama hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku na huwezi kupumzika, mwambie daktari ili aombe na CK. Taja pia kama umechomwa sindano ya kwenye nyama siku hizo. Na mitishamba itaje yote, pamoja na vidonge vya manjano vilivyotiwa pilipili manga, dondoo ya chai ya kijani na shubiri. Vyote vimewahi kuripotiwa kuumiza ini. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno.

Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Malaria huvunja chembe nyekundu na kupandisha AST na bilirubini. Mwenye selimundu namba hizo huwa juu karibu muda wote, kwa hiyo alinganishwe na majibu yake mwenyewe ya nyuma.

Kwenye kiti, angalia mambo mawili. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko chekundu, cha njano au cha kijani. Ya zambarau ni ya kuhesabu chembe za damu, na dawa iliyomo hushusha ALP kwa uongo. Pili, uliza damu inapimwa hapohapo au inasafirishwa. Kliniki nyingi ndogo huituma maabara kubwa, na chupa iliyorushwarushwa kwenye bodaboda juani kabla ya kuzungushwa kwenye mashine hutoa chembe zilizopasuka: AST inapanda bure, potasiamu nayo. Mwanga wa jua nao hula bilirubini. Majibu yakiandikwa kwamba damu ilipasuka, omba kutoa upya. Ikiwezekana, nenda moja kwa moja kwenye maabara yenye mashine.

Kisha kosa la upande wa pili: ALT ya kawaida haisemi huna homa ya ini B. Virusi vinaweza kukaa miaka mingi namba zikiwa safi. Kinachovitafuta ni kipimo cha HBsAg, nacho huombwa peke yake. Ukikutwa huna na hujawahi kuambukizwa, chanjo ya mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Majibu yasome dhidi ya kikomo kilichochapwa kwenye karatasi hiyohiyo, si cha rafiki yako. Ukirudia, rudia maabara ileile. Wenye kitambi na sukari wasishangae ALT ikiwa juu kidogo. Mafuta kwenye ini ni sababu ya kawaida sana na ultrasaundi huonyesha.

Macho yakiwa ya manjano, ukitapika damu, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, achana na habari za kufunga na foleni ya asubuhi. Mpeleke hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au yoyote iliyo karibu, muda huohuo, na mfuko wa dawa mkononi. Karatasi zote za vipimo vya zamani zitunze, hata zile zilizosema uko salama, na zipige picha ubaki nazo kwenye simu.