Kistari Kimoja Nusura Kinikoseshe Kazi

Mwaka wangu wa pili Uingereza nilikuwa nafanya kazi katika makao ya wazee, na mkataba ulikuwa unakaribia kuisha. Meneja akaniandikia barua pepe kuniuliza kama ningependa kuendelea. Nikamjibu usiku uleule, nimechoka lakini nina furaha: "I am happy to resign." Nilikusudia kusema niko tayari kutia sahihi upya. Asubuhi nikakuta jibu. Amesikitika sana, na je, siku yangu ya mwisho ni lini?

"Re-sign" yenye kistari ni kutia sahihi tena. "Resign" isiyo na kistari ni kuacha kazi. Nilimpigia simu sauti ikitetemeka, na bahati yangu akaangua kicheko. Kuna ndugu yake neno hilo: ukisema "I have re-sent the form" umetuma fomu tena, lakini kistari kikikuponyoka unabaki na "resent", yaani kumwekea mtu kinyongo.

Siku hizi nimerudi Nairobi, nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, si mbali na Nyayo House, wanakopanga foleni watu wa pasipoti. Walio ng'ambo hunitumia barua zao kwa WhatsApp nizipitie kabla hazijaenda. Sarufi yao si mbaya hata kidogo. Kinachowaponza ni maneno pacha, na kompyuta haiwasaidii sana, maana neno lililoandikwa ni la Kiingereza halali. Ule mstari mwekundu mara nyingi hauonekani.

Sisi tuna "choo" na "chuo", tuna "kufa" na "kufaa", lakini Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo sikio hukuokoa. Kiingereza hakina huruma hiyo. "Principal" na "principle" husikika sawasawa kabisa. La pili ni kanuni au msimamo. La kwanza, kwa Mkenya, ni mkuu wa shule. Kwenye karatasi za benki ni deni lenyewe kabla ya riba kuongezwa. Ukiambiwa malipo yako ya mwezi hayajagusa "principal", basi kaa chini upige hesabu. "Stationery" ni kalamu na karatasi, "stationary" ni kitu kilichosimama tuli; hilo halijamfukuzisha mtu kazi, tuliache.

Pa kutilia maanani ni hospitalini. Mteja wangu mmoja aliyeko Marekani alitembelewa na mama yake mwenye kisukari. Siku moja mama akaanza kutetemeka na kutoka jasho jikoni, sukari imeshuka. Walipomaliza kumhudumia, kijana akamwandikia daktari maelezo, na kote akaweka "hyperglycemia" badala ya "hypoglycemia". Hapa kwetu tunasema presha ya kupanda na presha ya kushuka, nani atachanganya? Wao wameyachukua kutoka Kigiriki: "hyper" ni juu, "hypo" ni chini. Herufi mbili tu, na tiba ni kinyume kabisa. Aliyeshukiwa na sukari hupewa kitu kitamu upesi. Aliyepandwa nayo hicho ndicho kitakachomzidishia.

Tena vipimo vyenyewe havifanani. Mashine ya mama iliyotoka Nairobi husoma mmol/L, kama Uingereza, na chini ya 4 ni sukari ya kushuka. Marekani wanatumia mg/dL, na mpaka wao ni 70. Mwambie muuguzi wa huko kwamba mama ana 5.5 bila kutaja kipimo, uone atakavyoruka. Zidisha kwa 18 utapata kama 99, ambayo haina neno. Ushauri wangu: andika namba, andika kipimo, kisha ongeza "low" au "high". Hayo hayana pacha.

Ukiwa bado hospitalini, daktari anayeandika dawa "prescribes". "Proscribe" ni kupiga marufuku.

Fomu nazo zina vituko vyake, kwa sababu Kenya tulifundishwa tahajia ya Waingereza. Kwao "licence" yenye c ni leseni, na yenye s ni kitendo cha kutoa leseni. "Practice" na "practise" vilevile. Ukisahau, tamka "advice" na "advise". Hapo sikio linakuonyesha ipi ni jina na ipi ni kitendo. Ukivuka kwenda Marekani yote hayo yanavurugika: "license" daima ni kwa s, "practice" daima ni kwa c. Mke au mtoto unayemwombea viza Uingereza ni "dependant" wako. Kwenye fomu za kodi za Marekani ni "dependent". (Na bango la "practice" mtaani Uingereza mara nyingi ni kliniki ya daktari. Mimi nilidhani ni mahali pa mazoezi, nikapita na viatu vya kukimbilia.)

Wiki iliyopita dada mmoja msusi alinitumia wasifu wake, anaomba kazi Texas. Ameandika kwamba ana uzoefu wa miaka mitano "in a saloon". Simlaumu, mabango ya Tom Mboya Street yamejaa neno hilo, na kwa wauza magari wetu "saloon" ni gari dogo. Lakini Mmarekani akilisoma anaona baa ya enzi za wachunga ng'ombe, farasi wamefungwa nje. Nikafuta o moja, nikamrudishia.