Honours ya kompyuta Afrika Kusini: anza na mradi

Ukienda kusoma sayansi ya kompyuta Afrika Kusini, jua kwamba Honours kule ni shahada inayojitegemea, ya mwaka mmoja baada ya digrii ya miaka 3, na ndiyo mlango wa uzamili. Inadai angalau krediti 120, na zisizopungua 30 ziwe za mradi wa utafiti chini ya msimamizi. Krediti 1 ni saa 10 za kazi, kwa hiyo mradi peke yake unakula angalau saa 300! Wengi huchagua kozi kwanza, msimamizi baadaye. Geuza. Mpate msimamizi mapema, kisha chukua kozi zinazoubeba mradi: ukitaka kutambua sauti za Kiswahili, soma ujifunzaji wa mashine (kufundisha kompyuta kwa mifano ya data) muhula wa kwanza, maana wa pili utakuwa unaandika ripoti.