Somo: Mtoaji figo, tuliza mchochota kabla ya upasuaji

Figo ya kupandikizwa huweza kuanza kuumia ikiwa bado ndani ya mwenyewe, kwa sababu ya mchochota, yaani mwili kuwaka na kuvimba unapopambana na maambukizi au jeraha. Hapa Nairobi mtoaji huwa ni ndugu aliye hai, kwa hiyo tuna wiki kadhaa za kumtayarisha. Naumia nikiona zinapotea bure.

Kwanza, saka maambukizi. Mkojo upimwe maabara hata kama huusikii ukichoma. Kisha simama mbele ya kioo: fizi inayotoa damu ukipiga mswaki ni mchochota unaouona kwa macho. Mwone daktari wa meno mapema.

Pili, dawa za maumivu, na hapa nitakaa kidogo. Ibuprofen na diclofenac hutuliza mchochota kweli, ndiyo maana watu hudhani zinamfaa mtoaji. Lakini hufanya hivyo kwa kuzuia prostaglandini, kemikali za mwili ambazo figo huzitegemea kuachia mishipa yake damu ya kutosha. Kreatinini, uchafu wa damu unaoonyesha figo inachuja vipi, ikipanda, upasuaji unaahirishwa. Niliwahi kupokea mtoaji aliyetoa mkobani bahasha ya khaki ya duka la dawa, vidonge vya rangi tatu, hakuna hata kimoja chenye jina. Njoo na kila unachomeza, mitishamba pia.

Tatu, sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 kabla.

Nne, ukishikwa na homa wiki ya upasuaji, piga simu kabla hujapanda matatu.

Maswali ya wanachama

*Sista, na mtoaji ambaye ubongo wake umekufa?*
Huyo ni kazi ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Ubongo ukifa, adrenalini hufurika, kisha presha huanguka na sitokini, kemikali zinazochochea mchochota, humwagika kwenye damu. Kwingine hupewa methylprednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza mchochota. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulipoza miili ya watoaji hadi nyuzi 34 au 35, na wapokeaji waliohitaji dayalisisi wiki ya kwanza wakapungua kutoka asilimia 39 hadi 28.

*Nampa kaka yangu figo mwezi ujao. Jino liliniuma nikameza diclofenac siku 3. Nimeharibu?*
Pole sana. Mwambie mratibu wako leo, usingoje siku ya kliniki. Kreatinini itapimwa tena, na kwa mwenye figo nzima mara nyingi hutulia. Jino lenyewe lishughulikiwe sasa. Maumivu yakirudi, uliza kuhusu paracetamol.

*Manjano kwenye chai je?*
Kiasi cha mapishi, sawa. Vidonge vyake acha kabisa: manjano ina oksaleti, chumvi inayoweza kuganda ndani ya figo, na ikizidi huumiza figo hiyo hiyo unayomtunzia ndugu yako.