Jinsi ya kutengeneza kipindi cha podkasti chenye stori, hatua kwa hatua

Podkasti nyingi za Kiswahili ni watu wawili wanaozungumzia mada. Wanazungumza vizuri, lakini dakika ya nne msikilizaji kashahama. Anayebaki ni yule anayemsikiliza mtu anayetaka kitu na bado hajakipata. Stori ya namna hiyo huipati kwenye kuhariri. Unaipata siku ya mahojiano, ama huipati kabisa.

Tuchukue mfano wa kipindi kuhusu bei ya samaki soko la Feri, Dar es Salaam.

1. Tafuta mtu ndani ya mada. Mama lishe ameingia mnadani asubuhi na elfu thelathini mkononi, na wateja wake wa mchana wanategemea wali samaki. Hapo tayari una stori. Kama huwezi kusema kwa sentensi moja anataka nini na nini kinamkwamisha, usiwashe kinasa sauti bado.

2. Uliza tukio, usiulize maoni. Ukimuuliza "unaionaje hali ya biashara?", atakujibu kama yuko kwenye taarifa ya habari: changamoto ni nyingi, tunaiomba serikali ituangalie. Muulize hivi: "Leo umefika hapa saa ngapi? Ulikuwa na shilingi ngapi? Dalali alipotaja bei, ulifanya nini?" Akifika penye utamu, mrudishe nyuma kidogo: "Hebu subiri, mama. Hapo ulikuwa umesimama wapi?"

Kisha nyamaza. Wengi tunaogopa kimya, tunarukia swali jingine wakati mwenzetu ndiyo kwanza anavuta pumzi aseme lile la maana. Na itikia kwa kichwa. Zile "eeh, ndiyo, sawa" zako zikishapanda juu ya sauti yake, hakuna programu itakayozitoa vizuri.

Mwombe pia ajibu kwa sentensi nzima, maana swali lako pengine litakatwa. "Saa kumi na mbili" peke yake haina maana. "Nilifika Feri saa kumi na mbili, mashua zinaingia" inajitegemea.

3. Rekodi palepale sokoni. Weka maiki kama shubiri moja kutoka mdomoni. Kelele za Feri zisikutishe, ni mali hizo. Mahojiano yakiisha, rekodi dakika nzima ya soko bila ninyi kuongea: dalali anavyopandisha bei, maji yanavyomwagwa sakafuni, kisu kinavyoparua magamba. Dakika hiyo utaitandaza chini ya mikato yako. Bila hiyo, kila unapokata sentensi kelele ya nyuma inaruka, na msikilizaji anashtuka.

4. Panga upya. Usianze na "hamjambo wasikilizaji, karibuni tena". Wala "Paukwa", imeshachoka. Anza mnadani: bei imevuka elfu thelathini, mama kanyamaza. Kata hapo, ndipo ujitambulishe na utuambie huyu mama ni nani. Maelezo yaje yanapohitajika. Upepo wa kusi ukichachamaa bahari inachafuka, vyombo vichache vinatoka, samaki wanapanda bei. Ukilisema hilo mwanzoni, watu watadhani wako darasani. Liseme baada ya mama kukosa fungu lake. Hapo kila mtu anataka kujua kwa nini.

5. Andika unavyoongea. Soma maandishi yako kwa sauti. Sentensi inayokumaliza pumzi ivunje. Namba zisifuatane. Muziki uwe kidogo, na kama unahitaji kinanda cha huzuni ili mama aonewe huruma, rudi hatua ya pili.

6. Jaribu kwa mtu mwenye shughuli. Mpe asikilize huku anapiga pasi. Usimuulize kama amekipenda, atakusifu tu. Angalia ni dakika ipi ameshika simu yake, kisha nenda kaikate au uihamishe.

7. Toa faili jepesi. Hifadhi kazi yako kwa WAV, faili zito lisilobanwa, lakini unachopakia kiwe MP3, faili lililobanwa, ya mono (sauti ya njia moja), kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 20 zitakuwa kama MB 10. Ukitumia kilobiti 128 zinakuwa kama MB 19. Kwa sauti za watu wanaoongea, mwenye spika ya simu hataona tofauti. Mwenye bando la siku ataiona.