Jinsi ya kutafuta amonaiti adimu kwenye ufuo wa Charmouth

Amonaiti ni visukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) vya wanyama wa baharini waliotoweka, jamaa wa ngisi, wenye gamba lililojiviringa. Charmouth ni kijiji cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Magenge yake ni tope lililoganda kwenye sakafu ya bahari ya kipindi cha Jurasiki, karibu miaka milioni 190 iliyopita. Kuchimba tuyaachie mawimbi, sisi tunaokota.

1. Jua maji kwanza. Tazama jedwali la kujaa na kupwa, kisha toka wakati maji yanapwa. Siku za bamvua ufuo hufunuka sana, lakini maji yakirudi hufika hadi chini ya genge na njia hufungika. Wakati mzuri ni Novemba hadi Aprili, baada ya dhoruba.

2. Kaa mbali na genge. Black Ven, upande wa magharibi, huporomoka mara kwa mara, na tope lake humeza miguu. Kanuni za West Dorset zinakuruhusu kuokota vilivyolegea ufukweni, si kuchimba kwenye genge. (Mombasa nako kuna tabaka za Jurasiki zenye amonaiti, ila Kenya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inadai kibali kabla hujachukua kisukuku chochote.)

3. Piga magoti. Amonaiti za pairiti (madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu), nyingi ndogo kama kifungo cha shati, hukusanyika kwenye changarawe laini pamoja na vitu vingine vizito. Ukitaka adimu, elekea mashariki, chini ya Stonebarrow. Humo kuna madonge ya kijivu yanayoweza kuficha Androgynoceras, aina ya amonaiti ambaye vyumba vya gamba lake vimejaa kalsaiti (madini ya chokaa) ya kijani. Geuza kila donge ukitafuta mstari wa mbavu, yaani matuta ya gamba, ubavuni. Usipouona, liache.

4. Usipasue kwa pupa. Vaa miwani ya kukinga macho. Mimi nikiona mbavu sigongi kabisa: nalifunga donge kwa gazeti, nalisafisha nyumbani taratibu kwa kalamu ya upepo, kifaa kidogo kinachochonga jiwe kwa nguvu ya hewa. Likipasuka lenyewe, okota hata vipande vidogo.

5. Andika papo hapo. Tarehe, mahali, tabaka kama unalijua. Hapa ndipo wengi wanapopoteza hazina. Amonaiti walibadilika upesi, spishi baada ya spishi, ndiyo maana wanajiolojia huwatumia kupanga umri wa miamba ya Jurasiki. Kisukuku adimu kisicho na mahali kinabaki pambo. Ukipata usichokitambua, kipeleke Charmouth Heritage Coast Centre, kituo cha wageni kilichoko ufukweni. Kinachoonekana muhimu kwa sayansi huandikishwa, na kinabaki mali yako.

6. Hifadhi pairiti pakavu. Suuza chumvi kwa maji baridi, kausha kabisa, weka kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu. Unyevu na hewa huigeuza pairiti kuwa asidi inayokila kisukuku chenyewe, hata karatasi ya maelezo. Kagua kila baada ya miezi michache. Ukiona unga mweupe au wa manjano, kitenge na vingine siku hiyo hiyo.