Kupanga safari ya barabara kutoka Nakuru hadi Msitu wa Kakamega

Kabla ya kujaza tangi la petroli, andika kwa sentensi moja unachokiendea. Mimi lengo langu lilikuwa kumwona ndege mkubwa wa buluu, mwenye kishungi cheusi na mdomo wa njano uliokolea wekundu nchani, anayeishi katika msitu huo, na sentensi hiyo ndiyo iliyoniamulia mambo mengine yote.

Kwa kuwa ndege huonekana vizuri alfajiri, usipange kufika Kakamega adhuhuri na kurudi jioni. Lala karibu na msitu, uamke kungali giza, kisha ufuate mwongozaji wa pale, anayejua miti yenye matunda yaliyoiva. Simama kimya chini ya mti mmoja kwa muda mrefu. Kwanza utasikia matawi yakitikisika, pengine ni mbega tu, kisha bawa la buluu litakatiza mwanga.

Njiani, ondoka Nakuru mapema, lakini usikimbilie Mau Summit, kwani ukungu huko huweza kuficha lori lililo mbele yako. Hapo shika kushoto uelekee Kericho, ambako mashamba ya chai yanastahili nusu saa yako, kisha uteremke Ahero hadi Kisumu. Kagua gurudumu la akiba na jeki kabla ya safari. Kutoka Kisumu, Kakamega ni takriban kilomita 50, nawe utakuwa umevuka ikweta.