Kabla hujalipa karo ya kusomea EMT

Vijana wanaotaka kusomea EMT, yaani kazi yetu ya mhudumu wa dharura kwenye ambulensi, huniuliza kwanza kuhusu damu. Je, nikizirai? Damu huzoeleka, na upesi kuliko unavyodhani. Wengi niliowaona wakikwama hawakukwamishwa na damu, walikwamishwa na vitu vidogo ambavyo mwalimu hafundishi kwa kuwa anadhani umekuja navyo kutoka nyumbani.

Chanjo ndiyo ya kuanza nayo, maana haiharakishwi. Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, na utaratibu wa kawaida wa chanjo yake kwa mtu mzima ni dozi tatu: ya leo, ya mwezi mmoja baadaye, na ya mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Ukingoja hadi wiki ya kupelekwa wodini, utaingia ukiwa na kinga nusu. Hapohapo kiulize chuo: mwanafunzi akichomwa saa nane za usiku na sindano iliyotumika, anakwenda wapi, na nani analipa? Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV huanzwa haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa kwa siku 28. Chuo kikijibu kwa kubabaisha, bora ulijue hilo kabla ya kulipa.

Uliza pia kama mafunzo yake yanatambuliwa na baraza linalosajili ma-EMT, na kaulize baraza lenyewe, usitosheke na bango la langoni. Uliza ni saa ngapi utakaa hospitalini na ngapi ndani ya ambulensi. Kisha piga hesabu ya yale yasiyoandikwa kwenye karatasi ya karo: sare, buti, ada ya mtihani, nauli ya kwenda mazoezini alfajiri. Cheti cha huduma ya kwanza cha siku mbili ni kitu kizuri, lakini hakikufanyi kuwa EMT, hata kama anayekiuza atakwambia vingine.

Sasa mwili. Weka mto mgumu sakafuni, piga magoti, nyoosha mikono, ubonyeze kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, dakika mbili bila kusimama. Mgonjwa ambaye moyo umesimama anataka hivyo, kina cha sentimita 5 hadi 6, mibonyezo 30 kwa pumzi mbili, na mnapokezana kila dakika mbili kwa sababu mtu huchoka kabla hajajijua amechoka. Halafu kuna ngazi. Majengo yetu mengi ya kupangisha hayana lifti, na mgonjwa wa ghorofa ya nne hashuki peke yake. Jifunze kuinua kwa miguu mgongo ukiwa umenyooka, uanzie na ndoo za maji. Nimeona wenye vifua vipana wakiumia kiuno mwezi wa kwanza, na mabinti wembamba wakidumu miaka.

Hesabu nayo watu huidharau. Chukua silinda ndogo ya oksijeni yenye lita 340. Mgonjwa akiwekewa lita 15 kwa dakika, una dakika 22 na kidogo, tena ikiwa ilikuwa imejaa. Uko Likoni, upande wa kusini wa kivuko cha Mombasa, feri ndiyo kwanza imeondoka. Hapo hutafuti simu yenye kikokotoo. Unatakiwa uwe umeshajua kabla hamjaondoka nyumbani kwa mgonjwa kama mnahitaji silinda ya pili. Kama kugawanya kichwani kulikushinda shuleni, rudi nako sasa, kila siku kidogo.

Kuna kosa moja ambalo ni letu sisi wasema Kiswahili. Bibi akikwambia mdomo wa mumewe ulianza kupinda saa tatu asubuhi, fomu inataka 0900. Ukiandika 0300 kwa sababu akili imerukia "tatu", umeongeza saa sita. Kwa kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na daktari anaamua kwa kuangalia ulichoandika. Zoea kubadilisha saa hadi isikuhitaji kufikiri, na ukiwa na shaka uliza: jua lilikuwa limechomoza?

Ulimi unaenda na hilo. Darasani utasoma mengi kwa Kiingereza, lakini hakuna atakayekwambia dalili zake kwa Kiingereza cha kitabu. Utaambiwa kichomi, ganzi, roho inaenda mbio, presha imepanda, sukari imeshuka. Kaa na wazee uwasikilize wakieleza maumivu. Na uwe na adabu ya kuingia nyumba ya watu: hodi, shikamoo, kisha ndipo kifaa cha kupimia presha.

Zungumza na wa nyumbani mapema. Waambie Idd au Krismasi itakukuta kazini, na kwamba utarudi siku nyingine usitake kusemezwa. Waambie vilevile kwamba hutawasimulia jirani yupi ulimbeba. Kama una mazoea ya kupiga picha za ajali na kuzitupa kwenye WhatsApp, yaache leo, kabla hujavaa sare.

Soma ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010. Ni fupi: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Iko siku utasimama mapokezini, mgonjwa kwenye machela, na karani anauliza amana. Wewe ndiye utakayekuwa pale wa kuitaja, kwa sauti ya chini.

Mfukoni siku ya kwanza: saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia pumzi na mapigo, glovu za akiba, daftari dogo. Na kalamu mbili, kwa sababu moja ataiazima nesi anayempokea mgonjwa, na hiyo usiingoje.